Picha za Nyimbo na Watu Wasiozipenda

Yako mambo ambayo mtu huyafanya kwa hiari yake, na yako mengine ambayo huyafanya kwa kuwa ameshikwa mkono na mtu asiyeweza kumkatalia. Katika fungu hilo la pili naiweka safari yangu ya kwanza ya kwenda sinema. Ilikuwa mwaka 1995, mjini Mombasa, nami nilikuwa mtoto wa miaka minane. Aliyenishika mkono alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Picha tuliyokwenda kuitazama ilitoka Bara Hindi, jina lake Hum Aapke Hain Koun..!, nayo ilitolewa mwaka uliotangulia. Mtaa wetu mzima ulikuwa ukiisifu kama watu wanavyosifu mvua baada ya kiangazi kirefu.

Mimi sikuiona sifa hiyo hata chembe. Kila nilipodhani kuwa sasa hadithi inakwenda mbele, kijana mmoja au binti mmoja aliacha alilokuwa akilifanya akaanza kuimba, na nyumba nzima ikamwitikia na kumchezea. Picha hiyo ilitengenezwa na nyimbo 14. Nilizihesabu kwa vidole vya mikono, na vidole vya mikono vilipokwisha nikavua viatu nikaendelea na vya miguu. Ilipofika katikati taa ziliwashwa na watu wakasimama. Nami nikasimama kwa furaha kuu, nikidhani kuwa tumefunguliwa. Shangazi akanivuta shati akaniambia, "Kaa, mwanangu. Haya ni mapumziko tu. Bado nusu nzima." Sikumbuki kama nimepata kuvunjika moyo namna ile tena, hata siku za kutangazwa matokeo ya mitihani.

Usiku ule nilikwenda kumshitaki shangazi kwa baba. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema neno ambalo sikulielewa: "Basi zamu yangu imekwisha. Sasa ni zamu yako." Maana ya neno hilo nitaieleza mwishoni, kwa sababu mimi mwenyewe nilichukua miaka mingi kuipata, na njia niliyoipitia kuifikia ilikuwa njia ya historia.

Nilipokua na kuingia chuo cha ualimu, bado chuki yangu ilikuwa hai. Hapo ndipo nilipojiuliza maswali mawili. La kwanza, ni nani aliyebuni picha za namna hii, ambazo mtu hawezi kupenda, kuoa, kufiwa wala kufungasha mizigo pasipo kuimba? La pili, je, mimi ndiye mtu wa kwanza kuzichoka? Swali hili la pili ndilo lililonipa faraja, maana niligundua kuwa ninao wenzangu wengi, na kwamba ilipata kuwako siku ambapo wenzangu hao walishinda.

Picha za sinema zilizaliwa bubu. Kwa muda wa miaka thelathini hivi watu walitazama wenzao wakienda na kurudi juu ya kitambaa cheupe pasipo kusikia sauti zao. Maneno yao yaliandikwa yakaonyeshwa, na mpiga piano aliketi mbele akijaza ukimya. Ndipo tarehe 6 Oktoba, 1927, mjini New York, kampuni ya Warner Bros. ilipoonyesha picha iitwayo The Jazz Singer. Sehemu kubwa ya picha hiyo ilikuwa bado bubu, lakini mwimbaji wake, Al Jolson, alisikika akiimba, na baina ya nyimbo akasema maneno machache kwa kinywa chake. Watazamaji walishangilia kama watu walioona kiwete anasimama. Yafaa tulishike jambo hili: sauti haikuingia katika picha za hadithi kwa mlango wa mazungumzo. Iliingia kwa mlango wa wimbo.

Kilichofuata kilikuwa kama mafuriko. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilitoa The Broadway Melody, nayo ikawa picha ya kwanza yenye sauti kupata tuzo ya Oscar ya picha bora. Kampuni nyingine zilipoona hivyo, kila moja ilitaka nyimbo. Mwaka 1930 peke yake Marekani ilitoa picha za nyimbo zaidi ya 100. Wahenga wetu walisema kuwa ngoma ikilia sana hupasuka, na ngoma hiyo ilipasuka mapema kuliko wenyewe walivyotazamia.

Sababu za kupasuka kwake zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya ufundi. Kamera za siku hizo zilikuwa na makelele, na ili makelele hayo yasiingie katika sauti za waimbaji, kamera ilifungiwa ndani ya kibanda pamoja na mtu wake, ikatazama nje kwa kioo. Kibanda hakiwezi kucheza ngoma. Basi mtazamaji aliwaona wachezaji kwa mbali, wamejipanga safu moja, kama mtu aliyepewa kiti kibaya katika ukumbi mzuri. Sababu ya pili ilikuwa ya utunzi. Hadithi zilifanana mno, kila mara ni waimbaji wanaotayarisha mchezo, binti anayengojea bahati yake, na mwisho wa kushangiliwa. Sababu ya tatu ilikuwa ya mfuko. Mwezi wa Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na shida ikaenea. Mtu aliyekuwa akiingia sinema bila ya kufikiri sasa alihesabu senti zake mlangoni, na mtu anayehesabu senti hataki kuburudishwa mara mia kwa burudani ileile.

Watu wakaacha kwenda. Hawakuandamana, wala hawakuunda chama, wala hawakupeleka barua kwa wakuu wa kampuni. Walikaa nyumbani tu. Wenye majumba ya sinema walishtuka, hata baadhi yao wakawa wanatangaza mlangoni kuwa picha yao haina nyimbo, kama vile muuza maziwa anavyoapa kuwa hakutia maji. Kampuni nazo zilichukua picha ambazo zimekwisha pigwa zikazikata nyimbo. Warner Bros. walikuwa wametengeneza Fifty Million Frenchmen kutokana na mchezo wa jukwaani uliosifika kwa nyimbo za Cole Porter. Ilipotolewa Marekani mwaka 1931, nyimbo zake zilikuwa zimeondolewa. Fikiri, msomaji! Ni sawasawa na kupika pilau, kisha kabla ya kuipakua ukatoa mchele. Mwaka huo picha za nyimbo zilishuka zikawa kumi na kadhaa tu.

Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilishangilia peke yangu katika maktaba ya chuo. Lakini historia haimwachi mtu ashangilie muda mrefu. Nilipogeuza ukurasa nilikuta kuwa ushindi wa wenzangu ulikuwa ndio dawa ya adui wao. Watengenezaji walipokosa watu walilazimika kujiuliza wamekosea wapi. Tangu mwaka 1929, katika kuitengeneza The Broadway Melody, mafundi walikuwa wamegundua kwamba wimbo waweza kunaswa kwanza peke yake, kisha waimbaji wakacheza na kufuatisha midomo mbele ya kamera isiyohitaji tena kuogopa makelele. Mwaka 1933, katika picha ya 42nd Street, mpangaji wa ngoma aitwaye Busby Berkeley aliitumia nafasi hiyo akaiinua kamera juu kabisa, ikawatazama wachezaji kwa chini, nao wakafunguka na kufumba kama ua. Hakuna kiti katika ukumbi wowote ambacho mtu angeweza kuyaona hayo. Watu wakarudi. Kama wasingaliondoka kwanza, pengine kamera ingalikaa kibandani miaka mingine mingi. Hivyo asiyependa kitu naye ana kazi yake duniani, maana husaidia kukirekebisha hata bila ya kukusudia.

Sasa na tuvuke bahari. Mwaka uleule wa 1931, wakati Wamarekani walipokuwa wakizitupa nyimbo nje, mji wa Bombay ulikuwa ukizifungulia mlango. Tarehe 14 Machi mwaka huo, katika sinema iitwayo Majestic, ilionyeshwa Alam Ara, picha ya kwanza ya Bara Hindi yenye kusema. Aliyeitengeneza alikuwa Ardeshir Irani. Ilikuwa na nyimbo saba. Njia ya gari la moshi ilipita karibu na mahali pa kazi, kwa hiyo sehemu kubwa ya picha ilipigwa usiku, treni zilipolala. Wapiga muziki walifichwa pembeni, mahali ambapo kamera haitawaona lakini kinasa sauti kitawasikia. Siku ya kwanza watu walijaa barabarani hata polisi wakaitwa kuwatuliza. Mwaka uliofuata ikatoka Indra Sabha, yenye nyimbo karibu 70. Nawasikitikia watoto waliopelekwa kuitazama, maana vidole vyao vya mikono na miguu havikuwatosha.

Kwa nini Bombay ilikubali kilichokataliwa New York? Jambo moja ni kwamba michezo ya jukwaani ya Bara Hindi, hasa ile ya makundi ya Waparsi, ilikuwa imejaa nyimbo kwa miaka mingi kabla ya sinema kufika. Mtazamaji wa huko aliuona wimbo kuwa sehemu ya hadithi yenyewe. Jambo la pili ni lugha. Bara Hindi lina lugha nyingi sana, na picha iliyosemwa kwa lugha moja ilikuwa mgeni katika nyumba nyingi. Wimbo ulimtangulia mgeni huyo ukabisha hodi. Asiyeyaelewa maneno aliuelewa uchungu uliomo katika sauti. Tangu mwaka 1935 ukaingia pia utaratibu wa mwigizaji kufuatisha midomo huku sauti ikiwa ya mwimbaji mwingine. Utaratibu huo ndio uliowapa umaarufu waimbaji kama Lata Mangeshkar, ambaye sauti yake ilijulikana na mamilioni ya watu wasiojua uso wake.

Kitu kilichoweza kuvuka mipaka ya lugha ndani ya Bara Hindi hakikushindwa kuivuka Bahari ya Hindi. Pwani yetu ilikuwa na desturi ya karne nyingi ya kupokea vyombo vilivyokuja na upepo wa kaskazi, vikiwa vimepakia nguo, vyungu na habari. Picha zilifika zikakuta mlango u wazi. Raj Kapoor na Nargis katika Awaara, ya mwaka 1951, walipendwa huku kama walivyopendwa kwao. Mother India, ya mwaka 1957, ilimwonyesha mama mkulima anayebanwa na mkopeshaji, ambaye mwishowe anampiga risasi mwanawe mwenyewe ili kuilinda heshima ya kijiji. Mtu hahitaji kujua Kihindi ili aelewe deni, njaa, na mtoto aliyepotea. Tuni za picha hizo zikatoka sinema zikaingia harusini. Waimbaji wa taarabu walizichukua wakazivika mashairi ya Kiswahili, na mashuhuri miongoni mwao alikuwa Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014. Naam, hata mtu aliyeapa kutokanyaga sinema alifuatwa na nyimbo zake mpaka kwenye karamu ya pilau.

Nimesema kuwa historia haikuniacha nishangilie. Basi haikuniacha nichukie kwa raha pia. Siku moja chuoni tulionyeshwa The Sound of Music, picha ya Marekani ya mwaka 1965, na kuhudhuria ilikuwa lazima. Inachukua karibu saa tatu. Inasimulia habari za Maria, msichana wa Austria anayetoka katika nyumba ya watawa kwenda kulea watoto saba wa nahodha mjane, Georg von Trapp. Anawafundisha kuimba, anaolewa na baba yao, na wote wanawatoroka Wanazi kwa miguu, wakipanda milima. Wenzangu walitokwa na machozi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nikisomea kufundisha historia, nilikaa nikiwa na kalamu mkononi kama msahihishaji.

Nilikuwa na mengi ya kusahihisha. Maria na nahodha walioana mwaka 1927, miaka kumi na zaidi kabla ya majeshi ya Ujerumani kuingia Austria mwezi wa Machi 1938. Lakini picha inaifanya harusi na uvamizi kuwa kama mambo ya msimu mmoja. Maria alipofika katika nyumba ile hakuja kuwalea wote; alikuja kumfundisha mtoto mmoja aliyekuwa mgonjwa. Wala jamaa hawakupanda mlima. Walipanda gari la moshi, mchana, wakaenda Italia. Tena mtu anayeijua ramani ataona kuwa milima iliyo karibu na Salzburg ingaliwapeleka Ujerumani kwenyewe, mikononi mwa watu waliokuwa wakiwakimbia.

Niligundua pia kuwa sikuwa peke yangu katika manung'uniko. Wahakiki kadhaa wa Marekani waliishambulia picha hiyo ilipotoka, wakisema kuwa ina sukari nyingi mno. Hata Christopher Plummer, aliyeigiza kama nahodha mwenyewe, aliikejeli kwa miaka mingi, mpaka uzeeni ndipo alipolegea na kuitendea haki. Pamoja na hayo, picha ilipata tuzo tano za Oscar, na ikawazidi wote waliotangulia kwa mapato. Safari hii wasiopenda walishindwa. Ila washindi nao walijidanganya. Kampuni ziliona fedha hizo zikadhani kuwa zama za nyimbo zimerudi kwa mafuriko. Zikatumia mali nyingi kutengeneza Doctor Dolittle mwaka 1967, Star! mwaka 1968 na Hello, Dolly! mwaka 1969, zikapata hasara kubwa. Walikuwa wamesahau somo la mwaka 1930, kwamba mtu aliyefurahishwa jana hakutia sahihi mkataba wa kufurahi kesho.

Lakini jambo lililonifaa zaidi ni hili. Katika kuyatafuta makosa ya picha ile ndipo nilipozisoma habari za Austria ya mwaka 1938 kwa mara ya kwanza kwa makini. Nilisoma kuwa Georg von Trapp, aliyekuwa nahodha wa manowari za chini ya maji katika Vita Kuu ya Kwanza, alitakiwa aitumikie jeshi la maji la Ujerumani, naye akakataa. Akaiacha nyumba yake na starehe zake akaenda ugenini na watoto wengi, na riziki yao huko ikawa ni kuimba kwenye majukwaa. Hapo kalamu yangu ya kusahihisha ikawa nzito. Mimi nilikuwa nimelalamika kwa kuburutwa kwenda kukaa juu ya kiti kwa saa tatu. Huyu alitaka kuburutwa kwenda vitani, akasema hapana, na kwa sauti za wanawe akapata chakula. Kuimba kwao, ambako nilikuona upuuzi, ndiko sehemu ya hadithi iliyokuwa kweli.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani hasa kinachotuudhi sisi tusiopenda picha za nyimbo. Wengi wetu husema, "Si jambo la kweli, watu hawaimbi katikati ya mambo yao." Zamani nami nilikuwa nikisema hivyo. Kisha nikamkumbuka bibi yangu na ngano zake. Katika ngano za bibi, ndege alitua juu ya mti akaimba siri ya mtu aliyeuawa. Msichana aliyefungiwa na zimwi alimwita nduguye kwa wimbo. Hadithi ilisimama kila mara ili wimbo upite, na pengine wimbo uleule ulirudi mara nne au tano. Sikumbuki hata mtoto mmoja aliyeinua mkono kuuliza ndege amejifunza wapi kuimba. Kinyume chake, tuliungojea wimbo kuliko hadithi yenyewe.

Tofauti ilikuwa nini? Kwa bibi tuliitikia. Wimbo ulipofika, nusu yake ilikuwa yetu. Katika sinema nilikaa kimya gizani nikiimbiwa na watu wasionijua, kwa lugha nisiyoijua, juu ya mapenzi yasiyonihusu. Kumbe nisichokipenda hakikuwa wimbo. Nisichokipenda kilikuwa ni kukaa nje ya wimbo. Na nilipofika hapo katika kufikiri kwangu, nilikumbuka kitu ambacho jicho langu la utoto lilikiona pasipo kukijali: mwaka ule wa 1995, pale gizani, midomo ya shangazi ilikuwa ikienda. Yeye hakujua Kihindi zaidi yangu, lakini aliitikia. Yeye alikuwa ndani.

Sasa nalirudia lile neno la baba kuhusu zamu. Alinieleza siku aliponisindikiza kwenda chuoni, tukiwa ndani ya basi. Katika miaka ya 1950 na 1960, katika miji ya pwani, baadhi ya majumba ya sinema yalitenga maonyesho ya wanawake peke yao, na watoto wadogo wa kiume waliruhusiwa kuingia na jamaa zao. Shangazi alikuwa kigori wa miaka kumi na mitano. Babu alikuwa mtu mkali. Alimruhusu kwenda kwa sharti moja, kwamba asipite njiani pasipo kufuatana na ndugu yake wa kiume. Ndugu huyo ndiye baba, mtoto wa miaka saba. Baba alizichukia picha zile kama nilivyokuja kuzichukia mimi. Alihongwa kachiri, akaenda, akalala juu ya buibui la dada yake mpaka mwisho. Hakujua kuwa yeye, aliyedhani anaburutwa, ndiye aliyekuwa ufunguo. Asipokwenda yeye, dada yake naye hakutoka mlangoni.

"Siku moja nilichoka," baba akaniambia. "Nikajitia homa. Dada hakulalamika. Alilivua buibui, akalikunja, akaingia jikoni. Sikujua kuwa majuma mawili baadaye angeozwa, na kwamba mume wake hakuwa mtu wa sinema." Baba alinyamaza kitambo, akatazama nje dirishani. "Zilipita zaidi ya miaka thelathini. Mumewe alipofariki na eda ikaisha, alikuja kwangu akaniomba nimpe wewe. Mtu mzima yule angeweza kwenda peke yake, hakuna wa kumzuia. Lakini hakuwa amepata kujifunza kwenda sinema bila ya mtoto wa kiume mkononi."

Wanafunzi wapendwa, sikuandika haya ili niwafundishe kuzipenda picha za nyimbo. Mimi mwenyewe bado sizipendi, na historia imenionyesha kuwa kutopenda si dhambi. Watu wasiopenda waliwaamsha mafundi wa Marekani mwaka 1933, na kutopenda kwangu kulinifikisha Austria ya mwaka 1938. Ninachowaombeni ni kwamba, mkishikwa mkono na mtu mkapelekwa mahali msipopataka, baada ya kuhesabu dakika na kuhesabu nyimbo, mumtazame pia aliyewashika. Jiulizeni yeye amekuja kuchukua nini pale, na ni miaka mingapi amekingojea. Kitu kinachomchosha mmoja huweza kuwa ndicho mwenzake alichonyimwa.

Shangazi sasa ni mzee, na miguu yake haimpeleki mbali. Nikienda Mombasa wakati wa likizo, humwekea picha moja ya zamani katika televisheni, nikaketi karibu naye mkekani mpaka mwisho. Sina ujasiri wa kuitikia, lakini siondoki. Likizo iliyopita, picha ilipofika katikati, alinigeukia huku midomo yake bado ikifuata wimbo, akaniangalia vidole vyangu, akaniuliza, "Zimefika ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia zimefika sita. Akacheka, akasema bado nzuri zaidi inakuja.